Kura Kwenye Sinia

Juzi nilikuwa Pearl, kile kisiwa cha kifahari hapa Doha, nimekaa kwenye mgahawa unaotazama boti za watu wenye nafasi zao, nikimsubiri rafiki ambaye tangu nimjue hajawahi kufika mahali kwa wakati. Ukutani palikuwa na televisheni kubwa kama mlango wa gereji, na ndani yake shindano la nyimbo, nchi kwa nchi. Mtangazaji akaanza kusoma pointi. Vijana wa meza ya jirani walikuwa wakipiga kura kwenye simu zao, kila mmoja na yake, kimya, kama watu wanaojibu ujumbe wa kazini. Nikajikuta nimeiacha juisi nusu, natabasamu peke yangu, hadi mhudumu akaja kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa kabisa. Nilikuwa nimerudi Muaither, mtaa wetu wa zamani, rafiki yangu, nina miaka tisa na mikono yangu imejaa unga wa maandazi.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa jumba la zamani lililokatwakatwa kwa kuta nyembamba mpaka likawa nyumba nyingi. Ukuta wenyewe ulikuwa hauna siri: jirani akipiga chafya, unamwambia afya akiwa kwake nawe ukiwa kwako. Sisi tulikuwa na vyumba viwili vya nyuma, baba dereva wa basi la shule, mama, na mimi. Pembeni yetu alikaa Mlinzi, Mkenya, na mkewe aliyefanya kazi ya dobi hotelini. Juu walikaa Wafilipino ambao idadi yao hatukuwahi kuijua. Na ua ulikuwa wa wote. Kipupwe kilipoingia, maisha yote yalihamia uani: mikeka, majiko, watoto, nguo za kuanika. Kazi yangu ilikuwa kumwaga ndoo ya maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi, na nilimwagia mnanaa wa mama, ambao ulistawi kuliko kitu chochote kingine mtaani. Ijumaa alasiri iliki ya maandazi yetu, samaki mkavu wa Wafilipino na sukuma wiki ya Mlinzi vilikutana katikati ya ua, na ukipita hapo na njaa, pole yako.

Siku hiyo hiyo ya Ijumaa ndipo alipokuja Yaya. Alikuwa Mganda, analea watoto kwenye nyumba ya ng'ambo ya barabara, na baada ya chakula cha mchana alipewa saa chache za kupumzika. Hakupumzika hata kidogo. Alikuja kwetu, akavua viatu, akaanza kumsaidia mama kusukuma maandazi bila kuombwa. Kiswahili chake alikiokota hapo hapo uani, kwa hiyo sentensi ilianzia Kenya ikaishia Tanzania, na katikati ikapita kwao. Nilimpenda sana. Alikuwa na namna ya kukusikiliza mtoto mpaka mwisho wa maneno yako, jambo ambalo watu wazima wengi hawana subira nalo.

Mwaka huo dunia yetu nzima ilikuwa shindano la nyimbo la mataifa. Lilikuja kwenye setilaiti kila Ijumaa jioni, na baba aliigeuza televisheni dirishani ili itazame uani. Katika raundi mbili za mchujo kila mwimbaji aliimbia kwao, pointi za raundi zote mbili zikajumlishwa, na watakaopita wangeletwa Doha kwa fainali. Kila namba ya simu ilikuwa na kura moja kwa raundi. Na kulikuwa na sharti moja lililotuendesha wote: laini ya nchi hairuhusiwi kumpigia mwimbaji wa nchi hiyo. Kwa hiyo mjomba wangu wa Tanga, anayeipenda Tanzania kuliko chakula, kura yake kwa Tanzania ilikuwa haina kazi. Sisi wa Doha, wenye laini za Qatar, tukawa watu wa maana ghafla. Shangazi ambao mwaka mzima hawajatujulia hali walipiga simu kutuuliza kama tumekula, halafu, kwa njia ya kuzunguka, kama tunakumbuka kwetu ni wapi.

Baba alijifanya mchambuzi. Alikuwa na nadharia kwa kila pointi iliyosomwa: hawa wamewapa wale kwa sababu ya mpaka, wale wamewanyima hawa kwa sababu ya gesi, na fulani amempa fulani kwa sababu wote wawili hawampendi wa tatu. Pointi za Qatar hazikuhitaji mchambuzi. Wahindi na Wafilipino walikuwa wengi mjini, basi nafasi za juu zilikuwa zao kabla hata mtu hajafungua mdomo kuimba. Sisi wadogo tuligombea makombo ya chini.

Ndipo Ijumaa moja, tangazo la waimbaji likipita, Yaya akasema, mikono ikiwa bado kwenye unga, kwamba yule binti wa Uganda ni wa kwake. Mama alicheka akidhani ni utani. Yaya hakucheka. Alieleza taratibu kwamba alimwacha kwa nyanya yake akiwa anang'oka meno ya mbele, na kwamba kila likizo ilipokaribia, tiketi iligeuka ikawa ada ya shule. Sauti ya mwanawe aliijua kwenye simu tu. Akipita mchujo ataletwa hapa Doha, mwendo wa basi moja kutoka tulipokaa. Asipopita, basi. Mama akaacha kusukuma.

Jioni hiyo hiyo Mlinzi aliita mkutano. Alisimama katikati ya ua na sare yake ya kazi, akaongea kama mtu anayegombea kiti. "Wasee, tukigawanya kura tumeisha. Wakenya, Watanzania, Waganda, wote tunapigia mtoto wa Yaya. Tumeskizana?" Tukasikilizana. Baba aliongeza hotuba fupi kuhusu undugu wa Afrika Mashariki, akapigiwa makofi, na nadhani aliyaamini maneno yake kabisa wakati anayasema. Mlinzi aliupeleka mkataba huo kwenye mabweni ya walinzi na madereva huko Al Rayyan, na taarifa zikarudi kwamba kila mahali umepokelewa kwa shangwe.

Raundi ya kwanza ikafika. Binti aliimba vizuri, mnyofu, mikono imetulia, na Yaya alitazama bila kupepesa. Muda wa kura ulipotangazwa, kila mtu akajitenga kidogo na simu yake. Mmoja aligeukia ukuta, mwingine akaenda kuangalia nguo zilizoanikwa, baba akakumbuka kitu ndani ya basi.

Halafu pointi za Qatar zikasomwa. Juu, wale wale. Tukashuka, tukashuka. Nafasi ya tisa, Kenya. Ya kumi, ya mwisho kabisa yenye pointi, Tanzania. Uganda haikutajwa.

Mlinzi alipata jambo la kushughulikia kwenye kamba ya kiatu. Mkewe alimtazama, akaona na yeye hana haki ya kumtazama, akaacha. Baba alisema huenda ni mtandao. Mama alimbana pale pale, mbele ya watu, na ukweli ukatoka: alidhani wenzake wote watampigia Mganda, kwa hiyo kura yake moja haitaonekana ikikosekana. Na hivyo ndivyo walivyofikiri wote, rafiki yangu, uani kwetu na kwenye mabweni yote ya Al Rayyan. Kila mmoja aliwaachia wenzake wema.

Aliyetuokoa ni Yaya mwenyewe. "Mimi sina hasira na mtu. Hata mimi kama ni mimi, napigia kwetu." Alitabasamu, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha. Vikombe vyenyewe havikuzidi vidole vya mikono miwili, lakini bomba lilitiririka mpaka mama akainuka kwenda kumfuata. Waliporudi macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Nililia na mimi bila kuulizwa.

Wiki iliyofuata mama hakuongea sana, na mama asipoongea ujue anapanga. Ijumaa alitandika mkeka mkubwa, akaleta sinia lake la pilau, lile la sikukuu, akaliweka katikati likiwa tupu. Akaweka simu yake juu. "Na mimi nilipigia Tanzania," alisema. "Leo simu zote zinakaa hapa, na kila mtu anapiga kura mbele ya mwenzake."

Hakuna aliyebisha. Simu ziliingia moja moja. Wafilipino, ambao mwimbaji wao alishakuwa mbali huko juu, waliteremka na simu zao na sahani ya tambi, wakaomba malipo kwa maandazi, na biashara ikakubaliwa bila mjadala. Kisha likatokea la ajabu: bibi mwenye nyumba, Mqatari wa makamo ya nyanya yangu, akaingia na mkoba wake, akatoa simu nne za wanawe, akazipanga kwenye sinia. Mama alimuuliza kwa Kiarabu chake cha sokoni kama wanawe wanajua. Bibi alisema wanawe wamelala, na wanapolala hawana maoni. Mlinzi naye alileta habari kwamba huko mabwenini wamefanya vivyo hivyo, ila kwa kukosa sinia wanatumia karai la kufulia.

Kila mtu alichukua simu yake, akaandika, akamwonyesha wa kulia kwake, akabonyeza, akairudisha. Baba alipofikiwa alishikilia yake kama anaagana nayo. Mkeka mzima ulimtazama kidole. Akabonyeza, akapumua, akaomba chai.

Pointi za Qatar: Uganda, nafasi ya tatu. Mlinzi alirukaruka mpaka akamwaga ndoo yangu. Lakini jumla ya nchi zote ilikuwa bado, na majina ya waliopita yalisomwa polepole kwa ukatili ambao watangazaji hufundishwa sijui wapi. Yaya alikuwa ameshika mkono wa mama upande mmoja na wangu upande mwingine, na wangu ulikuwa unauma. Jina la mwisho kabisa lililosomwa lilikuwa la mwanawe.

Tanzania ilitoka. Kenya ilitoka. Simu ya baba ikaita papo hapo, shangazi akiuliza kura za Doha zimekwenda wapi, na nikamsikia baba, mchambuzi wetu, akisema kwa huzuni kubwa kwamba mtandao wa huku siku hizi hautabiriki.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyemwombea Yaya ruhusa kwa tajiri yake. Siku mbili kabla ya fainali, basi dogo lenye mapazia lilisimama mbele ya geti letu likitoka mazoezini, akashuka msichana mrefu ndani ya gauni la kumetameta. Yaya alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya mama. Msichana alimtazama, akaja hatua chache, kisha akapiga magoti pale pale mchangani, kama binti wa kwao anavyomsalimia mama yake. Yaya akasema kitu kwa lugha yao, haraka, akimvuta mkono. Baadaye mama alimuuliza alisema nini baada ya miaka yote ile. Alikuwa amesema, "Inuka, gauni la watu hilo."

Kwenye fainali alishika nafasi ya tatu kutoka mwisho, na uani kwetu hakuna aliyehuzunika. Alishakula kwetu, alishalala kichwa mapajani kwa mama yake alasiri nzima huku tukiwafukuzia nzi. Kwa wiki kadhaa Yaya alimwonyesha kila mtu, hata muuza mboga, kwa kiganja juu ya kichwa chake: mwanangu amenipita, hivi.

Jumba lile limebomolewa, barabara imepita juu ya ua. Mlinzi na mkewe walirudi kwao, Yaya naye, na binti nasikia anafundisha kwaya na ana watoto. Baba hadi leo anasema mwaka ule Tanzania ingefika fainali. Nami nimepiga kura nyingi tangu hapo, za nyimbo na za nchi, peke yangu, mtu asione, kama inavyotakiwa. Nyingi sijui zilikwenda wapi. Ile ya Muaither haikuwa hata yangu, nilikuwa mtoto, lakini niliiona kwa macho yangu ikishuka kwenye basi.