Bibi wa Kibanda cha Njia ya Kate

Miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa sokoni Sumbawanga, nilikuta ndani ya robota la nguo za watoto kisanduku chenye madadu ya ajabu. Moja lilikuwa na nyuso nne, jingine ishirini. Pamoja nayo kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza kilichochanika kuanzia katikati. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu haachi karatasi yenye maandishi. Nilikisoma. Kilieleza mchezo wa mezani: mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anajitungia mtu wake na kusema mtu huyo anafanya nini, na dadu linaamua kama amefaulu.

Mapepo na mapango ya kijitabu tuliyaacha. Katika hadithi yetu tulipanda lori la chumvi linalokwenda Kate na halifiki. Tulicheza nyumbani kwangu Malangali, Jumapili baada ya misa na chakula cha mchana, wakati upepo wa Ufipa unamvalisha mtu sweta mbili na bado hatoki nje. Tulikuwa wanne. Mimi nilisimulia. Jirani yangu, dereva wa lori, alijitungia padri anayeogopa mbwa. Mwalimu mwenzangu, Mfipa kama mimi, alikuwa mganga wa meno mwenye koleo moja tu. Wa nne alikuwa fundi cherehani aliyepanga chumba Izia, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia kwetu na ng'ombe wao. Yeye alikuwa trafiki asiyejua kuendesha hata baiskeli, na siku alipomwandikia padri kosa la kumkimbia mbwa kwa mwendo wa kasi, dereva alicheka mpaka chai ikampalia.

Kulikuwa na sheria mbili. Dadu hurushwa mara moja, halirudiwi. Hiyo niliiweka mimi, maana ualimu hauishii shuleni. Ya pili aliileta dereva: mtu akiona hadithi inaelekea asikopenda, aseme "breki", nasi tutageuza njia bila kumwuliza. Breki ilikuwa imetumika mara moja tu, mwalimu mwenzangu alipokataa kuliwa na mamba kabla hajamaliza kiporo chake.

Shida ilianza nilipojiona bingwa wa kusimulia. Kuwachekesha hakukunitosha tena. Nilitaka waogope kidogo. Jumapili moja nikaliharibu lori kando ya msitu, nikaweka kibanda, na ndani yake bibi anayeishi peke yake, macho mekundu. Sikuhitaji kueleza zaidi. Kila mtu pale mezani alijua macho mekundu ya bibi kizee husemwa yana maana gani, nami nilijua kwamba wanajua. Padri akasema kichomwe. Mganga wa meno akarusha dadu, likatoka ishirini, kibanda kikaungua. Tulishangilia, vikombe vikacheza.

Fundi aliikunja karatasi yake ya trafiki mara nne, akasema ana sare za kwaya zinamngoja, akaaga.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Nilimkasirikia, nakiri. Nilidhani amenuna kwa sababu trafiki wake hakupata zamu. Nikaenda Izia na hotuba yangu tayari, ya kwamba mchezo ni mchezo. Nilimkuta barazani anashona, na hakusimamisha cherehani wakati akinieleza. Mama yake alipikia kinyesi cha ng'ombe tangu usichana, kwao kuni hakuna, na moshi ukamla macho. Mwaka mmoja watoto wawili wa jirani wakafa kwa kufuatana. Watu wakasema ni yeye, wakaja na mapanga. Familia iliondoka na ng'ombe iliowahi kuwafungulia, wengine wakabaki zizini. Ndivyo walivyofika Rukwa. Sisi wenyeji tulikuwa tumekubaliana kwamba wamefuata malisho.

Nilimwuliza kwa nini hakusema breki.

"Ukishika breki, watu wanatazama shimo liko wapi," akasema. "Halafu mlicheka haraka sana, mwalimu."

Niliona aibu, na hotuba yangu sikujua niiweke wapi. Nikasema nitakichoma kisanduku. Hapo ndipo aliposimamisha cherehani. Alisema nisithubutu. Wiki nzima anatia viraka suruali za watu huku akiwaza trafiki wake atamkamata nani Jumapili, na starehe nyingine katika mji huu hana. Alichotaka ni kurudi mezani na kucheka kama zamani, ila hakujua atacheka vipi na kile kibanda kimeungua.

Basi nikamfuta bibi. Niliwaambia wenzangu "breki", kibanda hakikuwapo, lori lilipata pancha tu, na wao kwa heshima ya sheria hawakuuliza.

Fundi akarudi, tena na mama yake, aliyekuwa amekuja mjini kutafuta dawa ya macho. Tulimwamkia shikamoo, mke wangu akamwekea kiti karibu na meza na kumpa chai. Macho yalikuwa mekundu kweli. Nilisimulia kwa woga: mbuzi wanavuka barabara, kisha mbuzi wengine wanavuka barabara. Hata padri alipiga miayo. Fundi alikuwa amekaa na kalamu mkononi, hajamkamata mtu.

Mama alisikiliza mpaka kikombe kikaisha.

"Yule bibi niliyesimuliwa na mwanangu yuko wapi?" akauliza.

"Tumemwondoa, mama," nikasema.

"Huyo naye mmemfukuza?"

Dereva alitazama sakafu, mwalimu mwenzangu akatazama karatasi yake. Mama aliweka kikombe chini taratibu.

"Mrudisheni nyumbani kwake," akasema. "Na mumpe ng'ombe."

Ng'ombe nao, kwa sheria zetu, waliamuliwa na dadu. Fundi akalichukua lile la nyuso ishirini, akalirusha.

"Watatu, mayu," akamwambia mama yake.

Mama akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza, akalikagua, kisha akalisukuma kwa kidole hadi mbele yangu.

"Watatu mfugaji huwamaliza kwa kulipa faini. Rusha tena."

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, na dereva akafuata. Nikaiacha sheria yangu ya kutorudia, nikarusha. Likatoka tisa. Mama akalirudisha tena.