Nilikodiwa kubeba fahali wa mheshimiwa hadi Sori, akachinjwa kabla hotuba haijaisha

Wakuu, habari za jioni.

Mimi si mtu wa kuanzisha uzi. Kazi yangu hapa ni kusoma comments na kucheka. Lakini hii ni ya kweli tupu, na nusura inipokonye pickup.

Nafanya transport Awendo. Kuna tajiri mmoja hapa mwenye malori ya miwa, na malori yake hayasimamishwi na polisi hata yakitembea bila taa. Yeye ndiye anafadhili kampeni za mheshimiwa wetu.

Mheshimiwa naye ni mtu wa maadili. Anapinga pombe, disco matanga na suruali za kubana. Kila Jumapili utamkuta kanisani, kiti cha mbele.

Basi tajiri akanikodi kubeba fahali wake wa mbegu. Huyo fahali, wacha niseme ukweli, alikuwa na afya kuliko gari langu.

Kazi ilikuwa hivi. Nampeleka kanisani, mheshimiwa anamkabidhi kwa akina mama, picha zinapigwa. Kisha akina mama wanaambiwa atatunzwa shambani kwa niaba yao, nami narudi naye nyumbani kwa tajiri. Tulikuwa tumeshafanya hivyo Lambwe na makanisa mengine mawili. Fahali ni huyo huyo mmoja.

Tajiri alinionya, "Hiyo ng'ombe ikipata shida, pickup nachukua."

Jumapili hiyo ilikuwa zamu ya Sori. Mheshimiwa akashika maikrofoni. "Mama zetu, hii ng'ombe ni yenu kabisa. Mfanye nayo vile mnataka."

Vigelegele. Simu zote juu, zinarekodi.

Halafu akaanza kuhubiri kuhusu uwajibikaji. Sasa huyu mtu akishika maikrofoni haachi. Nikasinzia.

Niliamshwa na harufu ya nyama.

Mwenyekiti wa akina mama ni Min Atieno, yaani mama yake Atieno, mtu mpole sana, na hakuwa na ujanja wowote. Wageni wamefika, tena wamefika na ng'ombe wao. Sasa wapikiwe omena, vile vidagaa vya kila siku? Mheshimiwa akiwa bado kwenye utangulizi, fahali alikuwa ameshachinjwa.

Tajiri alikuwa amekuja pia, ameketi meza ya wageni, nikaenda kumnong'onezea. Hakuelewa. Nikarudia. Akashika meza kwa mikono miwili.

Min Atieno akaja, akamnawisha, akamwekea sahani ya kwanza. "Karibu, jaduong', mzee wetu. Hata maini tumekuwekea."

Tajiri akamtazama mheshimiwa, ambaye hatimaye alikuwa amemaliza hotuba na kuketi kando yake. Mheshimiwa akazitazama zile simu. "Kula," akamwambia polepole.

Akala. Machozi yakamtoka, akasema ni pilipili. Mimi nilikula ile nyama, haikuwa na pilipili.

Tulipotoka nje akanikamata shati. "Leta funguo."

Niliogopa, wakuu, sitadanganya. Karo ya watoto inatoka kwa hiyo pickup. Nikamwambia, "Sawa, boss, lakini twende kwanza polisi tuandikishe. Wataniuliza tu ng'ombe ilikuwa ya nani."

Mheshimiwa alikuwa karibu, akasikia. Sijawahi kumwona akitembea haraka vile. "Mwachie huyu gari yake," akasema, na tajiri akaniachia shati.

Nikadhani yameisha. Kumbe video imefika Lambwe, na akina mama wa huko wakamtambua fahali kwa ile alama nyeupe usoni. Wakampigia mheshimiwa simu, kwa heshima kabisa, wakitaka kujua kwa nini ng'ombe wao ameliwa na watu wa Sori. Yale makanisa mawili nayo yakapiga.

Wiki iliyofuata tajiri alinunua mafahali watatu sokoni. Niliwabeba mimi mwenyewe, na safari zote pickup ilirudi tupu. Sijawahi kufurahia kuendesha gari lisilo na mzigo namna ile.

Nilichojifunza: ukikodiwa kubeba zawadi ya mwanasiasa, uliza kwanza kama inarudi.

Na kama kwenu pia mlipewa ng'ombe na mpaka leo "anatunzwa" shambani kwa mtu, semeni hapa chini. Pickup iko na nafasi.