Goti la Mdogo Wangu

Mwaka wangu wa sita Guangzhou, baba alinitumia ujumbe wa sauti. Miezi mingi ilikuwa imepita bila yeye kunitafuta. "Mdogo wako amepata timu huko huko uliko," alisema. "Nenda kampokee uwanja wa ndege, mwanangu. Hajui Kichina." Mimi niliposhuka hapa na begi moja, barua ya ufadhili wa masomo na maneno mawili ya Kichina, hakuna aliyetumwa kunipokea.

Mdogo wangu huyo ni wa baba mmoja. Baba aliondoka Tanga nikiwa na miaka mitatu, akaenda Uswisi, akaoa huko, akapata binti. Mimi na mama tulibaki. Mara kwa mara ilikuja bahasha ya picha, na kila picha ilikuwa na mtoto yule kavaa jezi, mpira miguuni. Mama alizitia kabatini. Akienda kazini, mimi nilizitoa. Nilichokitazama zaidi ni mkono wa baba, jinsi ulivyotulia begani mwa yule mtoto.

Nilipokuwa mkubwa nilimfuatilia mtandaoni, kwa siri. Najua aliingia timu ya wakubwa akiwa na miaka kumi na sita, winga wa kulia. Najua alikwenda kucheza Ujerumani akasugua benchi msimu mzima, kisha akarudi Uswisi akafunga mabao mpaka akaitwa timu ya taifa. Najua alikosa penalti iliyowatoa mashindanoni. Siku ile nilikunywa chai yangu kwa raha.

Uwanja wa ndege nilimjua kwa paji la uso, ni la baba. Akainama kidogo. "Shikamoo, dada."

Tumepishana miaka mitano tu. Sikutaka kuitikia, lakini salamu ile haikuachii pa kupita. "Marahaba."

"Mkoba yangu imechelewa," akasema.

Ngeli zilimpiga chenga, ila lafudhi ilikuwa ya Tanga, ya baba mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko picha zote. Kumbe walikuwa wakizungumza. Miaka yote ile, huko kwenye theluji, baba alikuwa na mtu wa kuongea naye Kiswahili, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kazi yangu ni ukalimani. Nawapeleka wafanyabiashara wa Dar kwenye karakana za jinzi za Xintang, nawasemea kwa wenye mali. Jumapili nilikuwa nakwenda kwa mdogo wangu, ghorofa ya kumi na nane, nyumba aliyopewa na timu. Nilimwonyesha pa kununua mchele mzuri na nyama halali. Alinishukuru kwa kila kitu, nami shukrani zake zikanichosha.

Siku moja tukiwa tunakula aliniambia, "Baba alinipeleka mazoezini kila asubuhi. Hata theluji ikifika hapa." Akagusa goti.

"Una bahati," nikamjibu.

Akanitazama, akawa kama anataka kusema kitu, kisha akaendelea kula.

Baba alikuja msimu ulipokaribia kwisha. Alinikumbatia, akasema nimefanana na shangazi yangu, halafu akauliza mechi ni saa ngapi. Jukwaani alisimama kando yangu muda wote, akipiga kelele kwa Kiswahili katikati ya Wachina waliokuwa wakigeuka kumtazama. "Panda, mwanangu! Panda!" Kipindi cha pili mdogo wangu alipokea mpira pembeni, akataka kumpita beki, njumu ikang'ang'ania nyasi na goti likazunguka peke yake. Hakuna aliyemgusa. Alianguka akabaki amelala, akiwa ameshika nyasi kwa mikono miwili.

Hospitalini timu ilileta mkalimani wake. Mdogo wangu akamkataa. "Huyo atasema ya timu. Namtaka dada."

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Akatuonyesha picha ya goti kwenye skrini. Kano imekatika, akasema, na gegedu nayo imeumia. Akifanyiwa upasuaji na akajituma mwaka mzima, huenda akacheza tena, ingawa kwa umri wa mgonjwa hawezi kuahidi. Nilisikia vizuri, kila neno. Nikageuka. Baba alikuwa ameushika mguu mzima wa mdogo wangu kwa mikono yote miwili, kama anaupasha joto.

Nikasema, "Amesema hutacheza tena."

Sikuwa nimepanga. Baba aliweka kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia. Sikuwahi kumwona akilia, na mama aliniambia kwamba siku ya kutuaga sisi alikuwa mkavu kabisa. Mungu anisamehe, nilipata faraja. Ilinifikisha mpaka kwenye lifti, basi.

Ijumaa nilikuwa Xintang na mteja. Mwenye karakana akasema huenda mzigo ukawa tayari Alhamisi, nami nikamgeukia mteja nikamwambia, "Huenda Alhamisi." Maneno yalipotoka tu nikakumbuka hospitali. Mtu baki nilimpa "huenda" yake kamili. Nikaomba radhi, nikapanda treni kwenda hospitali.

Nilimkuta peke yake. Baba alikuwa msikitini. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni: daktari alisema nini, na mimi nilisema nini.

Akajiinua kitandani. "Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa ameshika mguu wako."

Nilitarajia anifukuze. Akauliza, "Baba anajua?"

"Bado."

"Usimwambie."

"Lakini unaweza kurudi uwanjani."

"Dada, nina miaka thelathini na moja. Tangu nina sita sijaweza kumwambia kwamba nimechoka." Akafuta uso kwa shuka. "Umekosa sana. Sikusamehe leo. Lakini usimwambie."

Walifanya upasuaji hapa hapa, na goti lilipopata nguvu akaondoka na baba. Timu ilimpa maua. Siku hizi anasomea ukunga huko kwao na hucheka akinisimulia jinsi anavyofeli mitihani ya dawa. Kwamba amenisamehe, aliniandikia mwenyewe, mistari miwili, miezi mingi baadaye.

Hunipigia kila wiki. Huku akiongea namsikia baba nyuma yake, anakohoa, anauliza miwani yake iko wapi, naye anamjibu pasipo hata kugeuka. Nikimaliza simu hubaki nimekaa kidogo, nina wivu ule ule.