Nilirudi Nachingwea kuandika PhD, mji mzima ukaamini nimerudi kufa

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kuna mtu aliuliza humu namna ya kulinda afya wakati unaandika thesis. Niliandika jibu, nikalifuta, nikaandika tena. Ndivyo nilivyo, hata salamu huwa naifikiria mara mbili. Leo naweka yote kama yalivyotokea. Nilichobadilisha ni majina tu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nafanya PhD chuo kimoja Dar, utafiti ukihusu wakulima wa korosho wa Nachingwea na Ruangwa. Data nilishakusanya. Tatizo likawa chapter four. Supervisor aliirudisha imejaa wino mwekundu, na chini kabisa ameandika, "Sioni hoja yako."

Sentensi moja tu, wakuu. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Nikaamua kwenda kuandikia nyumbani Nachingwea, kwa dada yangu Tekla. Wazazi walishatangulia, yeye ndiye aliyenilea. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafariki kwa kile tulichoambiwa ni kifua. Tekla alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha stendi, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi. Mnene, mcheshi, sauti yake unaisikia kabla hujamwona.

Mimi nikajifungia chumbani. Sili, silali. Asubuhi naandika aya moja, jioni naifuta. Moyo unakwenda mbio na nimekaa tu. Suruali nikawa nazifunga kwa kamba.

Tekla anagonga mlango.

"We msomi, toka ule!"

"Namalizia hapa, dada."

"Sura ya nne haipoi. Ugali ndio unapoa."

Sasa, kwa mliozaliwa juzi: enzi zile mtu akirudi kutoka Dar amekonda, kisha akajifungia ndani, hakuna aliyeuliza anaumwa nini. Tulishazika wengi waliorudi hivyohivyo.

Nilianza kuhisi kitu pale watu walipoacha kuniomba. Ukitoka Dar kila mtu ana shida yake, huyu nauli, yule sabuni. Ghafla hakuna aliyeniomba hata kiberiti. Wao ndio wakawa wanakuja na kuku. Wanakaa kidogo, wananiita "mwanetu" kwa sauti ya chini, wanaondoka. Siku moja nikamsikia jirani huko nje, "Maskini, na elimu yote ile, kakanyaga waya." Ndivyo walivyousema UKIMWI bila kuutaja.

Halafu akaja mjomba kutoka Ruangwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Akakaa ukingoni mwa kitanda changu, kofia mkononi.

"Mpwa wangu, Ruangwa nafasi ipo. Palepale karibu na kaburi la bibi yako. Hilo lisikusumbue."

Mwingine angekasirika. Mimi nikaanza kuwakumbuka wasichana niliowahi kuwa nao. Hawakuwa wengi, lakini nikaamini kweli naumwa. Chapter four niliisahau kabisa, nikawa nawaza nani atachukua vitabu vyangu.

Aliyechoka ni Tekla.

"Kesho tunakwenda hospitali ya Mnero kupima. Kule hawatujui."

"Siwezi, dada."

"Tutapima wote. Mwili wote huu," akajipiga paja, "mdudu ataanzia wapi? Mimi nakusindikiza tu, usije ukakimbia."

Tukapima. Tuliporudi kuchukua majibu nikaitwa wa kwanza. Sina. Mama aliyenipa majibu akaniuliza mara ya mwisho nilishiba lini. Nikaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Akaingia Tekla. Alipotoka alikuwa anafunga kanga yake upya.

"Vipi wewe?"

"Twende, gari litatuacha."

Njiani akaniuliza, "Hivi hiyo sura ya nne inahusu nini hasa?" Hakuwahi kuniuliza. Nikaeleza njia nzima, kwa furaha ya mtu aliyefufuka: kwamba mkulima akiuza korosho mapema kwa bei mbaya si mjinga, ana jambo nyumbani ambalo haliwezi kusubiri. Nikajisikia naitamka hoja yangu kwa mara ya kwanza.

Mimi ninayewaza kila kitu, sikuwaza kwa nini anataka niongee.

Nyumbani akakaa anachambua ming'oko. Akasema bila kuniangalia, "Mdogo wangu, mimi ninao."

Nikavuta kigoda, nikachambua naye. Baadaye nikamwambia kwamba angalau watu wajue mimi ni mzima, wapunguze kujaa pale nyumbani. Akanishika mkono.

"Ukiwaambia wewe huna, watatafuta nani anao. Ming'oko yangu atanunua nani? Waache wakuzike wewe. Na kuku waendelee kuleta."

Akacheka. Nikacheka naye, kisha nikalia.

Tukaishi hivyo. Mimi mgonjwa wa mji, yeye mzima wa stendi. Wageni wakibisha hodi, najilaza. Kuku wa kuniaga mimi ananyonyoa yeye, supu tunakunywa wote. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nagonga mlango, "Dada, toka ule." Nilikuwa naandika asubuhi, jua likipanda naweka kalamu chini namsaidia kuchota maji na kukoka moto. Usingizi ukarudi wenyewe. Chapter four ikapita.

Lakini dawa zilikuwa bado hazijafika kwetu. Mimi nikanenepa, yeye akapungua. Watu wakawa wanatutazama kwa zamu. Jioni sufuria ya ming'oko ikawa inarudi nyumbani imejaa.

Tulimzika Ruangwa, karibu na bibi. Mjomba alisimama pembeni yangu, akaniambia taratibu, "Hapa nilipima kwa urefu wako."

PhD nilipata. Siku ya kutetea, wenzangu wakipitia notes zao koridoni, mimi nilikuwa nakula chapati, na niliimaliza yote. Hofu haijaisha hadi leo. Nikichelewa kula, bado nasikia mlango unagongwa.

Nilichojifunza ni hiki: usijifungie. Kula chakula kikiwa cha moto, na moyo ukienda mbio nenda kapime, usikae unajihukumu kitandani. Mji mzima ulinitazama mimi kwa sababu nilikonda. Tekla hakuna aliyemtazama kwa sababu alikuwa anacheka.

Mlio kwenye thesis sasa hivi, niambieni: leo mmekula? Na huyo anayewapikia, yeye yukoje?