Mume Wangu na Meli za Mvuke

Mume wangu alikuwa fundi wa mvuke. Kazi hiyo alijifunzia Mwanza, kwenye chumba cha injini cha meli kuukuu ya mizigo, na tulipohamia Toronto akaangukia kuhudumia boila za kupasha joto majengo ya ghorofa kule Weston. Hakulalamika. Ila Jumapili, tukishatoka kanisani, hatukurudi nyumbani. Alikamata barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu hadi mfereji wa Welland, unaounganisha maziwa mawili makubwa ya kule, tukatazame meli za watu.

Nilikwenda na kinyongo changu. Wenzangu walipelekwa madukani, mimi nilipelekwa kwenye kuta za saruji ambamo meli huingia, milango ikafungwa, maji yakaongezwa au kupunguzwa, nayo ikapanda au kushuka taratibu. Mara ya kwanza inapendeza. Mara ya thelathini, unaomba mvua.

Hata hivyo, macho hayana pazia. Miaka ile ya elfu mbili na kidogo, meli nyingi za maziwa zilikuwa za mtindo wa zamani: chumba cha nahodha mbele kabisa, bomba la moshi nyuma kabisa, kama mume na mke waliogombana wakagawana nyumba. Chache kati ya hizo bado zilikwenda kwa mvuke. Ikipita mojawapo alifumba macho, akaniambia nisikilize. Nilimwambia sisikii kitu. Akasema ndiyo raha yake hiyo, mvuke haupayuki. Dizeli ndiyo hunguruma kama mashine ya kusaga.

Alichotaka ni kimoja: kushuka tena katika chumba cha injini. Alipeleka vyeti vyake vipimwe, akaambiwa afanye mitihani, akaambiwa asubiri. Alisomea mezani jikoni miaka na miaka. Wakati huo mfereji ulikuwa unabadilika mbele ya macho yetu. Zilianza kupita meli mpya, kila kitu kimerundikwa nyuma, za dizeli tupu. Zile za mvuke zikapungua, na mimi niliyekuwa nazisema nikajikuta naziulizia.

Cheti cha mvuke kilikuja hatimaye. Jumapili iliyofuata tuliona meli moja aliyoipenda ikivutwa na meli ndogo mbili za tagi, bomba halitoi moshi, madirisha yamezibwa kwa mbao. Ilikuwa inapelekwa kukatwa vyuma chakavu. Alivua kofia. Nilidhani atalia, kumbe ni mimi niliyeanza.

Garini ndipo aliponiambia kwamba alikwisha kupewa kazi kwenye meli mpya, ya kupaka grisi na kufuta mafuta sakafuni, akaikataa.

"Umri huu nianze upya," alisema, "niamrishwe na mtoto wa jana?"

Nilipandwa na hasira ambayo hata mimi ilinishangaza. Nikamwambia miaka yote hii anafagia chumba cha boila cha watu, tena boila yenyewe haiendi popote.

"Nenda," nikasema. "Mimi nitakuwepo."

Akaendesha hadi nyumbani. Jumatatu alipiga simu kuiulizia kazi ile.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda mferejini peke yangu, nikiendesha mwenyewe. Meli yake iliingia, mpya, mbaya kama sanduku la viatu. Akatokea sitahani na ovaroli, mikono myeusi hadi viwikoni, amekonda, anacheka. Tulitenganishwa na uzio na hatua chache tu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yote yakanitoka.

"Umekula?" nikamwuliza.

Akasema amekula viazi, kila siku ni viazi. Akasema bosi wake ni kijana lakini ana adabu, na dizeli si mbaya ukishaizoea. Nilikuwa sijamwona na uso ule tangu Mwanza.

Maji yalikuwa yanashuka na meli inashuka nayo. Ukingo wa ukuta ulimfika kifuani, kisha mabegani, ikabidi niiname ili nimwone. Nikamwambia nyumba ni kimya mno, na kwamba nimemkumbuka kuliko nilivyodhani. Alijibu kitu kutoka kule chini, lakini milango ilikuwa inafunguliwa, sikusikia.

Nilirudi garini nikalia mpaka nikashiba, wala sikujutia kumwambia aende.