Mafuta Mapya ya Giaboksi

Baba alipokufa, ndugu zake walisema pikapu ni ya ukoo. Mimi nilikuwa nimeshaacha shule, nikiitumia kubeba magunia ya mahindi kutoka Kasomeno, na wadogo zangu walikula kwa kazi hiyo. Baba mdogo akatuma neno kwamba angekuja kuichukua Jumapili, baada ya misa.

Jumamosi nilitambaa chini yake uani na kufungua nati ya giaboksi. Mafuta yalitoka meusi, yakinuka kuungua. Dada yangu anayenifuata, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, alisimama na beseni la nguo.

"Yaya, uko natengeneza motokari ya nani?"

"Ya papa."

"Ilikuwa ya papa. Achia tu mafuta ya zamani, imufie baba mudogo mu njia."

Nilikaza nati. Gari la otomatiki likikosa mafuta mazuri hufa polepole, na sikutaka lile life kwa mkono wangu. Nilimimina mapya, nikawasha injini, nikapitisha gia zote huku nimekanyaga breki, kisha nikapima kiasi injini ikiwa moto na ikinguruma, kama baba alivyonifundisha.

Jumapili baba mdogo alikuja, akakataa kiti, akataka ufunguo.

"Iko na shida?"

"Hapana, papa."

"Uko mutoto muzuri."

Tulisimama getini tukisikiliza gia zikipanda moja baada ya nyingine, bila kushtuka hata kidogo, mpaka kona. Siku ile nzima dada yangu hakunitazama.