Damu Yetu Ilipoombwa Jukwaani

Nimesoma mpaka darasa la pili. Nyumba hii nimeijenga kwa kahawa, tangu wanunuzi binafsi walipoanza kupanda kuja huku milimani, kila mmoja akidhani sisi Wamatengo ni wajinga. Nilizoea kuwauliza: unataka nini hasa? Kwa hiyo mheshimiwa alipokuja kuomba kura, akasema hospitali za serikali zitasoma vinasaba, yaani urithi ulio ndani ya damu, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, utakwisha, sikupiga makofi. Mjukuu wangu ana selimundu. Mifupa ikimuuma hulia mpaka sauti inakauka, na zahanati yetu haikuwa na dawa ya maumivu.

Baadaye akaja daktari kutoka mjini.

"Shikamoo mzee. Tunaomba damu ya familia yako, tuisome."

"Marahaba. Damu si yangu peke yangu. Njoo sengu."

Sengu kwetu ni wanaume wa ukoo kula pamoja kwa mkubwa wao. Neno zito husemwa hapo, mikono ikiwa bado na ugali. Daktari alinawa, akakaa chini nasi. Mdogo wangu akamuuliza:

"Mkishaisoma, mtoto atapona?"

"Hapana. Labda itawasaidia watakaozaliwa baadaye."

"Mbona mheshimiwa kasema utakwisha?"

"Mheshimiwa hakuniuliza mimi."

"Mwongezeeni mboga huyu," mdogo wangu akasema. "Hajui kudanganya."

Tukakubaliana naye: damu tutatoa, dawa ikishafika zahanati.

Mheshimiwa aliporudi, akanisimamisha jukwaani niwe mfano wa ukoo uliojitolea kutoa damu. Nikashika kipaza sauti. Nikasema hatujatoa hata tone. Kusoma damu ni kazi njema, lakini hakumtulizi mjukuu wangu leo. Leteni dawa kwanza.

"Mzee, unaturudisha nyuma," akaninong'oneza.

Nikamjibu kwa kipaza sauti kile kile: "Zahanati ile pale. Twende tukafungue kabati."

Hakwenda. Watu walikwenda, wakamwacha na viti vyake, wakajionea kabati tupu.

Dawa zilifika kabla ya siku ya kura. Ndipo tukakunja mikono ya mashati, mimi kwanza, daktari akachukua alichokuja kuomba. Wapo wanaosema nilimwaibisha mgeni. Kweli, nilimwaibisha, na angerudi ningerudia. Maumivu yakimjia mjukuu wangu siku hizi anapewa dawa, analala, na akiamka anaomba uji.